MBOGA YA JIRANI SI MABAKI

Ndugu wanachama,

Leo tunasema juu ya yale matuta manne karibu na kisima. Sote tulikubaliana kuyalima kwa kujitolea, mboga ziende kwa jirani wasiojiweza: wazee wasio na watoto karibu, wagonjwa, na akina mama waliojifungua juzijuzi.

Kwa upande wa jembe hatuna lawama. Samadi imetiwa, mchicha umeota vizuri, matembele yamefunika tuta zima. Wenye zamu ya kumwagilia wanafika, hata asubuhi ya baridi. Ahsanteni sana.

Lakini tujisahihishe. Siku ya gulio tunafanyaje? Tunachuma alfajiri, mafungu mazuri yanakwenda kuuzwa, eti tupate hela ya mbegu. Kinachobaki jioni, kimeshanyauka, ndicho tunachowapa jirani. Tena tunawaita ofisini wapange foleni mbele ya macho ya watu! Bibi mmoja wa kule bondeni sasa haji. Tulipomwendea alisema, "Wanangu, njaa naijua, lakini kusimama mstarini kungojea majani yaliyolala, siwezi." Maneno hayo yametuchoma.

Jamani, tunabania nini? Mchicha toka kusia mbegu mpaka kuchuma ni kama wiki tatu au nne tu. Matembele ndiyo kabisa: unachuma leo, yanachipua tena. Na mbegu ya mchicha hainunuliwi kwa lazima. Tukiacha mashina machache yakomae, tunapukuta mbegu za kutosha msimu mzima. Basi hoja ya hela imekwisha.

Wapo wanaotuambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ni kweli, na Mwalimu Nyerere aliitaja methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962. Lakini humo humo alieleza kwamba mzee anayeonekana amekaa tu alikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake. Bibi yule si mgeni. Baadhi ya mashamba tunayojivunia leo, visiki vyake aling'oa yeye. Jembe alishalishika kabla yetu. Mwenye nguvu zake anayetaka mboga, huyo sawa, aje zamu. Lakini tusimpe jembe mtu anayeshindwa hata kuinua ndoo.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

Kwanza, fungu la jirani litengwe kabla ya fungu la kuuza, si baada yake.

Pili, mboga zifike mlangoni kabla ya saa mbili asubuhi, zingali na umande. Apeleke anayekaa karibu, au watoto wapitishe wakienda shule.

Tatu, majina ya wanaopewa yasibandikwe hapa ukutani. Anayepeleka anawajua, inatosha.

Tuyazungumze haya katika mkutano ujao. Asiyekubali aje aseme wazi mbele ya wenzake, asiende kuyasemea kilabuni. Na tukumbuke: miguu hii inayotupeleka kisimani leo, kesho itachoka. Siku hiyo tutataka kuletewa mboga ya namna gani?

Ni sisi,
Wenye zamu ya bustani