Mwanamke Mbele ya Hakimu

Katika sinema za Misri za miaka ya 1940 na 1950, mwanamke wakati mwingine alikuwa mnenguaji wa vilabuni au mke wa kulia tu. Mwaka 1975 Faten Hamama aliigiza katika "Uridu Hallan", yaani Nataka Ufumbuzi: mke anadai talaka, mume anakataa, kesi inachukua miaka, naye anashindwa. Ilhali Mtume (S.A.W.) alimwamuru Thabit bin Qays apokee bustani yake na amwache mkewe! Sheria ya Misri ya kumwezesha mke kupata khului bila ridhaa ya mume ilikuja mwaka 2000. Sisi wazazi tunayakagua mavazi ya waigizaji, na ni wajibu wetu; je, binti zetu tumewafundisha khului?