MWALIMU WA SAYANSI ASIJIFUNZE KWA MFUKO WAKE

Wasomaji wetu hawajasahau agizo lililotolewa wakati wa Rais Jakaya Kikwete, kwamba kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Siku ya mwisho iliwekwa kuwa Novemba 2014, kisha ikasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi wakachangia fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Wako waliotoa kwa moyo mkunjufu, na wako walionung'unika. Wala si manung'uniko yote yaliyokuwa ya ukaidi, maana mchango wa hiari ukidaiwa kwa vitisho huwa ni kodi isiyo na stakabadhi. Hata hivyo kuta zilisimama mahali pengi, na jasho lile hatulihesabu kuwa limepotea.

Lakini liko swali ambalo siku zile halikuulizwa kwa sauti kubwa, nalo ndilo tunalolileta leo mbele ya wasomaji wetu. Je, mwalimu atakayeingia katika chumba kile, nani anamfundisha yeye? Alipita chuoni mara moja katika ujana wake, akapewa cheti, akapelekwa shuleni, na tangu siku hiyo imechukuliwa kwamba amekwisha kujaa, kama mtungi uliotoka kisimani. Mtaala hubadilika, vitabu hubadilika, na yeye huachwa peke yake na chaki yake mbele ya watoto wengi. Tusishangae basi akifundisha kemia kama historia: huyu aligundua hiki, yule akasema vile, andikeni, mtihani unakuja.

Ndugu zetu wafanya kazi wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, hakuna aliyetazamia kwamba dereva wa treni ya dizeli angejifunza mitambo ile mipya usiku, kwa nauli yake na kwa kitabu alichojinunulia. Kila mtu alijua kwamba fundi hufundishwa chombo kipya na yule anayemiliki chombo. Kwa nini kanuni hii, iliyo wazi kabisa kwenye reli, igeuke kuwa fumbo tunapofika mlangoni pa shule?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kutufaa, kwa kuwa jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulijaribu jambo hili kwa miaka mingi, na kujaribu kwao kuna mengi ya kujifunza, mema na mabaya. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya, pamoja na shirika la ushirikiano la Japani, JICA, ilianzisha mpango unaojulikana kwa herufi SMASSE, yaani mpango wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Kilichousukuma ni matokeo mabaya ya mitihani katika masomo hayo, yaliyokuwa yakirudi mwaka baada ya mwaka. Ulianza kwa wilaya 9, zikiwemo Kisii, Makueni, Kajiado na Murang'a. Tangu mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima, na kituo chake kikuu, CEMASTEA, kikawa Karen, mjini Nairobi.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, na hawa wa wilaya walikuwa ni walimu wenyewe wa madarasani. Nao, shule zilipofungwa, wakawafundisha wenzao wa hisabati, fizikia, kemia na baiolojia. Kila mafunzo yalichukua siku kama 10, na mwalimu alitakiwa kupita mizunguko minne. Tunapenda kutaja kwamba mzunguko wa kwanza haukuanza na vifaa. Ulianza na fikira za mwalimu mwenyewe. Mwalimu anayeamini moyoni kwamba fizikia si ya wasichana, au kwamba watoto wa shule yake ya kijijini ni wazito kwa hesabu, hata ukimpa maabara ya dhahabu atafundisha vile vile anavyoamini. Waliopanga mpango ule waliliona hilo mapema, na katika hilo walikuwa na busara.

Baada ya fikira ikafuata kazi ya mikono. Mwalimu alihimizwa mambo manne: somo liwe na kutenda, mwanafunzi awe ndiye mtendaji, pafanyike jaribio, na kifaa kisichopatikana kibuniwe kwa vitu vilivyo karibu. Naye mwalimu afuate hatua nne katika kazi yake: apange, atende, atazame matokeo, kisha atengeneze palipoharibika.

Pengine msomaji atasema haya ni maneno matamu ya semina. Basi tuchukue somo moja, la tindikali na besi, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nalo. Karatasi za litimasi zimekwisha tangu mwaka jana, na mkuu wa shule anasema hakuna fedha. Mwalimu aliyeachwa peke yake ataandika ubaoni kwamba tindikali huigeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu, na wanafunzi watakariri. Mwalimu aliyekaa na wenzake akajifunza atanunua sokoni rozela kavu, ile tunayoifanyia sharubati, ataichemsha, na kugawa maji yake mekundu katika vikopo. Kabla ya lolote atawauliza wanafunzi: mnadhani itakuwaje tukitia maji ya ndimu? Na maji ya magadi je? Watabishana. Kisha watatia. Ndimu itazidisha wekundu. Magadi yatayageuza maji yale kuwa ya kijani. Hapo mtoto aliyekuwa akisinzia huinua kichwa, kwa kuwa ameona kwa macho yake kwamba magadi ya jikoni kwao na chupa iliyofungiwa katika kabati la shule ni wa ukoo mmoja. (Tena huenda akaeleza kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha kitabu hakijamtosha bado, mwalimu mwenye hekima humwacha amalize kueleza kwanza, ndipo ampe maneno ya mtihani.)

Somo kama hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji mwalimu aliyekwisha kulijaribu mwenyewe mbele ya wenzake, akakosea, akacheka nao, akajua rozela kiasi gani kwa maji kiasi gani. Wajapani wana desturi ya siku nyingi ambayo walimu hukaa pamoja wakatayarisha somo moja, mmoja wao akalifundisha huku wengine wakitazama, kisha wote wakalijadili bila kumvunjia mtu heshima. Zambia waliichukua desturi hiyo mwaka 2005, wakaanzia Jimbo la Kati. Mkutano uliofanyika Nairobi mwaka 2001 ulikuwa umekwisha kuziunganisha nchi kadhaa za Afrika katika umoja wa kusaidiana juu ya jambo hili, na wakufunzi wa nchi hizo wakawa wanakuja Kenya kujifunza. Malawi walianza kwao mwaka 2004, wakiwa na makao katika chuo cha Domasi. Uganda wakafuata mwaka 2005. Nigeria mwaka 2006, katika shule za msingi za majimbo ya Kaduna, Niger na Plateau. Mwafrika amfundishe Mwafrika: jambo hili twalisikia sana majukwaani, na hapa lilitendeka kwa chaki na vikopo.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo penye ugomvi. Japani ilitoa wataalamu, vifaa na sehemu ya gharama. Lakini mafunzo ya wilaya yaliendeshwa kwa mfuko uliotokana na karo, kila shule ikitoa sehemu yake. Utaratibu huo ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, mafunzo hayakungoja hisani ya mfadhili kila mwaka, na kwa hiyo yaliweza kuishi. Mipango mingi iliyofadhiliwa kutoka nje imekufa siku ile gari la mradi lilipoondoka. Kwa upande wa pili, mzigo ulimwangukia mzazi, naye mzazi wa kijijini tayari alikuwa ameinama.

Mwalimu naye alikuwa na neno lake. Alichukuliwa likizo yake, na mara nyingi bila posho ya maana. Aliporudi na cheti cha mafunzo, alikuta kwamba cheti kile hakimpandishi cheo. Tena elimu iliyotoka kwa wakufunzi wa taifa ikapita kwa wale wa wilaya ilifika darasani imepungua, kama maji ya mfereji unaovuja. Na aliporudi shuleni na moyo mpya, alikuta darasa lile lile lililojaa na mkuu wa shule akimwuliza amefika sura ya ngapi. Wapo waliorudia chaki na kukariri baada ya muhula mmoja. Hatuwalaumu sana. Jembe jipya katika shamba lenye visiki huvunjika mpini.

Mwaka 2021 jambo hili lilifika mahali ambapo sisi twaliona kuwa pabaya. Tume ya kuajiri walimu ya Kenya ilianzisha mafunzo ya lazima ya walimu wote kazini, yaendelee maisha yote ya kazi, na mwalimu mwenyewe akatakiwa kulipa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Chama cha walimu, KNUT, kilipinga. Wako waliosema kwamba walimu ni wavivu wa kujifunza. Sisi twasema sivyo. Kukataa kulipia chombo cha kazi ya mwajiri si kukataa kujifunza. Daktari wa watu binafsi anayejilipia masomo ana wateja wa kumrudishia gharama yake. Mwalimu wa shule ya umma hana mteja, ana mshahara tu, na faida ya kujifunza kwake huingia katika vichwa vya watoto wa watu wengine. Anayevuna ni taifa. Basi taifa ndilo lilipe.

Hapa kwetu liko jina zuri tayari, MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, utaratibu unaotaka walimu wajifunze pamoja shuleni mwao na katika vituo vya walimu vya jirani. Twaupenda utaratibu huo, kwa sababu unapunguza ule mfereji mrefu tuliousema: walimu hujifunza pale pale wanapofundisha. Hofu yetu ni moja. Jambo likiwa karibu na shule, ni rahisi kudhani kwamba halina gharama. Mwalimu wa fizikia aliye peke yake katika shule ya kata hana mwenzake wa kujadiliana naye shuleni; lazima aende shule ya pili au ya tatu, na pikipiki haiendi kwa maji. Aondokapo, vipindi vyake vishikwe na mwingine. Saa zile zihesabiwe kuwa saa za kazi, na siku ya kupandishwa cheo zikumbukwe.

Hatuwezi kuwasahau wanasayansi wenyewe. Tanzania ina Akademia yake ya Sayansi tangu mwaka 2004, na akademia za Afrika ziliunda umoja wao Nairobi mwishoni mwa 2001. Hizi ni jumuiya za watu wenye elimu kubwa, na baadhi ya watu huziona kama mabaraza ya wazee kupeana heshima. Ufaransa nako Akademia ya Sayansi ilikuwa ya zamani na yenye fahari. Lakini mwaka 1996 Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, pamoja na wenzake Pierre Léna na Yves Quéré, waliiingiza katika kazi ya shule za msingi, watoto wachunguze vitu kwa mikono yao na mwalimu apate mwanasayansi wa kumwuliza anapokwama. Tangu 2012 zikafunguliwa mikoani nyumba za sayansi, ambamo walimu hukutana na watafiti wakajifunza pamoja. Hatusemi tuige kila kitu cha Wafaransa. Fedha zao si zetu. Lakini profesa wa Mlimani au wa Sokoine anayetumia siku mbili kwa muhula katika kituo cha walimu cha Kilosa au Newala hahitaji fedha za Ufaransa. Ahitaji kutumwa, na kazi hiyo ihesabiwe katika kazi zake.

Baada ya miezi michache bajeti za Halmashauri zitasomwa katika mabaraza ya madiwani. Twawaomba wasomaji wetu walio wajumbe, na wale wenye kuwajua wajumbe, waziangalie kurasa za elimu kwa makini. Watakuta fedha za saruji, mabati na madawati. Watafute pia kifungu cha mafunzo ya walimu wa sayansi kazini: nauli, chakula cha mchana, na kifungu kidogo cha spiriti, neli za kioo, waya, betri na rozela. Wakikosa kukiona, wasimame waulize kimewekwa wapi, na kama jibu ni kwamba walimu watachangishana wenyewe, basi wasikubali ukurasa ule upite siku hiyo.