Kwenye Sanduku la Anayeolewa Ruhembe, Tieni na Mbegu



Bibi harusi wetu akiolewa bara tunamfungia kila kitu. Doti za khanga, udi, liwa, mashuka, na seti ya vikombe ambavyo pengine havitafika vizima. Somo naye humpa maneno yake ya faragha. Mbegu hatumpi, na suala la wapi atazipanda hatulitaji kabisa mbele ya wazee, kana kwamba ni aibu. Mimi naona hilo lingeulizwa mapema, hasa kama bwana harusi anatoka kwenye miwa.

Chukueni Ruhembe, wilaya ya Kilosa. Ukitoka Morogoro ukapita Hifadhi ya Mikumi, pale Mikumi mjini unaacha barabara ya Iringa na kushika ile ya kusini inayokwenda Kidatu na Ifakara. Kabla hujavuka mto Ruaha Mkuu umeshaingia kwenye miwa. Kiwanda cha huko, wanachokiita K2, ni cha Kampuni ya Sukari Kilombero, iliyobinafsishwa mwaka 1998, na wakulima wadogo wa vijijini huiuzia miwa yao. Sina ugomvi na muwa. Umejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini una tabia mbili ambazo mke mgeni azijue. Kwanza, ukishapandwa hauondoki: unakatwa, unachipua tena pale pale kwenye kisiki, unakatwa tena, miaka kadhaa, na muda wote huo ardhi ile haipandwi kitu kingine. Pili, pesa yake huja kwa mkupuo baada ya mavuno, kwa jina la yule aliyeandikishwa kuwa ndiye mkulima, na mara nyingi huyo ni mume. Kati ya mkupuo na mkupuo kuna miezi mingi ya kununua mchicha kwa fungu na tungule kwa fungu, katika kijiji chenye udongo mzuri mpaka mlangoni.

Mke anayeomba pesa ya mboga kila asubuhi huchoka. Na mume anayeombwa kila asubuhi, miezi minane baada ya pesa ya muwa kwisha, huanza kujibu vibaya.

Nitaambiwa matumizi ni juu ya mume. Ni kweli, na bustani haimpunguzii wajibu huo hata chembe. Niseme hapa kwa akina kaka wanaosoma kwa kuchungulia simu za wake zao: tuta la karoti la mkeo si ruhusa ya kuacha kununua unga. Kinachotoka kwenye tuta lake ni chake. Akikupikia, amekufanyia hisani.

Tena mwanamke kuwa na shamba lake halikuanza leo. Katika Sahihi ya Bukhari, Sahl bin Sa'd (r.a.) anasimulia habari za mwanamke wa Madina aliyepanda mboga iitwayo silq kwenye kingo za mifereji ya maji, shambani kwake mwenyewe. Kila Ijumaa aling'oa mizizi yake, akaitia chunguni pamoja na konzi ya shayiri aliyoisaga, bila ya nyama wala mafuta. Masahaba wakishaswali walipita kwake kumsalimia, naye akawasogezea chakula. Anasema Sahl kwamba walikuwa wakiingojea Ijumaa kwa hamu kwa sababu yake. Silq ni ile ile tunayoinunua Darajani kwa jina la spinachi, yenye mashina mapana meupe, na ni ya ukoo mmoja na bitiruti. Jina la mwanamke yule halikutajwa katika riwaya hiyo, ila mizizi yake tunaisoma mpaka leo.

Iko na nyingine, katika Sahihi ya Muslim, ambayo kila nikiisoma nawafikiria mabibi harusi. Shangazi yake Jabir bin Abdillah (r.a.) alikuwa ameachwa, yumo ndani ya eda, akataka kutoka akachume tende zake. Mtu mmoja akamkemea. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akamruhusu aende akazichume, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la kheri. Fikirini, dada zangu. Talaka imeshatoka, na mitende bado ni yake. Hatumwombei mtu talaka siku ya harusi yake, tunamwombea mapenzi na huruma. Lakini mwanamke aliyelima miaka kumi kwenye ardhi ambayo hakuna aliyesema ni ya nani, siku akirudi kwao anarudi na ndoo na jembe.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. (Hiyo ni sheria ya Bara, huku kwetu Zanzibar ardhi ina sheria zake.) Kwa hiyo siku ya posa, walii aulize. Aulize kama kuna kipande kisichopandwa muwa, kiko wapi, na kama kitakuwa cha bibi harusi. Kikiingizwa kwenye mahari ndiyo bora zaidi, maana mahari kwa mujibu wa Surat An-Nisaa ni mali yake, na hachukui mtu kitu humo ila kwa ridhaa yake. Ikiwa ardhi ni ya ukoo mzima, basi wakubwa wa ukoo wakubali mbele ya mashahidi. Sizungumzii eka. Kipande kama sebule ya nyumba kinatosha matuta manne. Kiwe karibu na maji ya kuogea na kufulia mboga, na mbali na ukingo wa miwa, kwa sababu miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa.

Tuje kwenye mbegu. Jamaa zetu walioko Uingereza hupenda sana karoti yao nyeupe, parsnip, na wapo wanaotaka kuwaletea wadogo zao mbegu zake. Sishauri. Mmea ule unataka baridi, mbegu zake za mwaka jana hazitegemeki, hata zikiwa mpya huweza kukaa wiki tatu ardhini bila kuchomoza, na Ruhembe ni bondeni, kuna joto. Panda ndugu yake, karoti ya kawaida, na uanze mwezi wa Juni masika yakishapita, wakati kuna ubaridi kidogo. Mvua kubwa huzoa mbegu zote na kuzirundika mwisho wa tuta.

Kosa linaloharibu karoti za wengi ni kuziotesha kitaluni kama tungule, kisha kuzihamisha. Mche wa karoti ukiwa bado na vijani viwili juu, chini umeshateremsha mzizi mmoja mrefu, mwembamba kama uzi, na uzi huo ndio utakaonenepa ukawa karoti. Ukiung'oa, ncha inakatika au inajikunja. Miezi mitatu baadaye unavuna kitu chenye miguu miwili. Na parsnip ni hivyo hivyo, kwa anayebisha na akazileta. Mbegu hizi hupandwa pale pale zitakapovunwa.

Lima tuta kwa kina cha jembe zima, toa mawe na mizizi, usitie samadi mbichi kwani nayo hugawa karoti vidole. Chora mistari, kati ya mmoja na mwingine kiasi cha sentimita 30. Mbegu ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndipo umwage kwenye mstari, ufukie kwa udongo wa unene wa kidole, sentimita 1 tu. Funika nyasi kavu, mwagilia kwa kopo lenye matundu asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja hadi mbili zitachomoza. Siku hiyo hiyo ondoa nyasi. Kisha inakuja kazi inayouma roho, kupunguza miche. Ibakie kila sentimita 5 mmoja. Najua mkono unasita kung'oa kilichoota, lakini karoti zilizobanana hazishibishi hata sungura.

Tungule, bilingani, pilipili na kabichi ndizo za kitalu. Ziote chini ya kivuli chepesi cha makuti, zikifika wiki nne au zaidi na majani manne au matano zizoeshwe jua siku kadhaa, zimwagiliwe, zihamishwe jioni pamoja na udongo wake. Bitiruti iko kati: hicho kinachoonekana ni mbegu moja hubeba kadhaa ndani yake, hivyo huota kwa kundi, na miche ya ziada inahamishika ikiwa bado midogo. Spinachi pia. Hiyo spinachi mimi ningeianza kabla ya karoti, kwa sababu inachumwa jani jani na inaendelea kutoa muda mrefu.

Pakiti tatu zinatosha kwa mwanzo, za karoti, spinachi na tungule. Nunueni zilizofungwa, angalieni tarehe, mzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko katikati ya khanga. Na walii akiona haya kuuliza habari ya kipande cha ardhi, basi mama amuulize mama mwenziwe siku ile ile ya posa, kabla chai haijaletwa.

Wassalaamu alaykum.