Kata Isivunjwe kwa Kuitoa Siri ya Mtungi

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika ofisi za serikali, kata hiyo aghalabu si waziri wala katibu mkuu, bali ni karani anayepokea hati, mhasibu anayelinganisha hesabu, au afisa wa ununuzi anayefungua zabuni. Hao ndio hutangulia kuona malipo yasiyo na msingi. Je, kata ikishasema ilichokiona ndani ya mtungi, nani ataizuia isivunjwe?

Kisa cha David Munyakei kinatoa jibu chungu. Alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini, alipoona mabilioni ya shilingi yakilipwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi ng'ambo, ilhali nchi haikuwa na almasi ya kuuza. Nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani, na kashfa ikaanikwa mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa mashtaka yaliondolewa, alifutwa kazi. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilipokea ushahidi wake, na mwaka 2004 shirika la Transparency International likamtuza. Hata hivyo, kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara.

Si kweli kwamba sheria imenyamaza tangu hapo. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003 inakataza kumwadhibu aliyeipasha tume ya ufisadi habari. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtoza faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, anayemshusha cheo, kumfuta au kumhamisha mfichuzi. Lakini hiyo inahusu hongo, na si kila wizi wa mali ya umma ni hongo. Ngao iliyokatwa vipande na kutawanywa katika sheria mbalimbali haimkingi karani asiye na wakili. Uganda ilitunga sheria mahususi ya kuwalinda wafichuzi mwaka 2010, na Tanzania ikafuata mwaka 2015.

Fauka ya hayo, kukataza kisasi hakutoshi. Hakuna mkubwa anayeandika katika barua kwamba anamhamisha mtumishi kwa sababu amefichua wizi. Huandika kwamba ni kwa mahitaji ya kazi. Maadamu mtumishi ndiye anayetwikwa mzigo wa kuthibitisha nia ya mkubwa wake, atashindwa kabla hajaanza. Sheria ya haki ingemtaka mwajiri athibitishe kuwa uhamisho ule haukuhusiana na ufichuzi, na ingemrejesha kazini aliyeonewa, pamoja na mishahara yake yote.

Wapo wanaohofu kwamba ulinzi kama huo utawapa wachongezi nafasi ya kuwachafulia wenzao majina. Hofu hiyo ina msingi, ila ina dawa: sheria ile ya 2003 haimlindi anayetoa habari ambazo yeye mwenyewe haamini kuwa ni za kweli. Anayelindwa ni mwaminifu, hata akikosea. Mwongo hana kinga.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana jukumu, kwani ofisini mfichuzi huitwa msaliti kabla hajasikilizwa. Usaliti ni kumgeuka uliyeapa kumtumikia. Mtumishi wa umma hakuapa kumtumikia mkubwa wake, bali umma unaomlipa mshahara. Kwa mantiki hiyo, msaliti ni yule aliyeuona wizi akaufunika. Taifa linalotaka kuijua siri ya mtungi halina budi kuilinda kata, na kuilinda ingali nzima. Tuzo haziungi kata iliyokwisha kuvunjika.