Historia ya chuoni si ya kukariri

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, kijana anayetaka kusoma Historia huulizwa: utakula tarehe? Wanaouliza hivyo wanakumbuka daftari la sekondari, lile la "eleza sababu sita". Chuoni hakuna sababu sita. Kuna Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mbele yako ripoti ya ofisa Mjerumani, barua ya mmisionari na simulizi ya mzee wa Umatumbi, zote zikigongana. Uamue umwamini nani, na useme kwa nini. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za vita hivyo, na watafiti wanazitumia hadi leo.

Kusoma ni kwingi, tena Kiingereza chake kigumu (hilo wengi hawaambiwi). Ajira nayo haina njia iliyonyooka kama ya udaktari. Asiyetaka ualimu ajipange mapema.

Walimu wa kidato cha sita, nawaomba: wapeni wanafunzi wenu nyaraka mbili zinazopingana kabla hawajaondoka shuleni.

Msomaji wenu,
Morogoro