Tumlipe fundi kwa kupima, si kwa kubahatisha

Gari imelala siku mbili au tatu. Asubuhi mwenyewe anatia kontakti: moteri inazunguka muda mrefu, inawaka kwa shida, inatetemeka kama inataka kuzima, kisha baada ya dakika moja inatulia. Iwe Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, jibu la garaji nyingi ni moja: "Papa, batri imekufa, nunua ingine." Batri inanunuliwa. Juma moja halijapita, ugonjwa umerudi. Zinabadilishwa bujia, halafu inaletwa pampu ya esanse ya okazioni. Pesa imeisha, gari ni ile ile.

Wengi wanasema mafundi wetu hawajui kazi, ao ni wezi. Mimi sikubali. Shida iko katika namna tunavyowalipa. Mteja wa kwetu analipa piesi na kazi ya kuifunga. Kazi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa, hakuna anayeilipa. Fundi akipoteza saa mbili chini ya kapo, akaona kwamba ni waya tu uliolegea, anapewa franka za soda. Akisema "batri", anapata chake. Basi ni sisi wenyewe tunaomfundisha kubahatisha.

Na ugonjwa huu hauhitaji kubahatishwa, maana unajionyesha. Sikiliza kwanza demareri. Ikizunguka polepole kwa kuvuta, tafuta kwenye umeme. Ikizunguka kwa nguvu na moteri bado inakataa kuwaka, usiiguse batri. Tafuta kwenye esanse. Kipimo hiki ni cha sikio tu, lakini kinaweza kuokoa bei ya batri nzima.

Kwa umeme, multimeta ndogo inatosha. Batri iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12.6; ikiwa 12.2, imebaki nusu. Kama imejaa lakini inashuka chini ya 9.6 wakati wa kuwasha, imechoka, ao nyaya na vichwa vyake vina kutu. Moteri ikiwaka, altenateri itoe kati ya 13.8 na 14.5. Kama vyote hivi ni vizuri na batri bado inaisha kila gari ikilala, kuna kitu kinachokunywa umeme usiku: redio ao alamu iliyofungwa vibaya. Gari iliyozimwa na kutulia haipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05 hivi. Ikivuta zaidi, hata batri mpya itakauka vilevile.

Kwa gari ya esanse yenye injeksioni, tia kontakti bila kuwasha, ngoja pampu inyamaze, zima, rudia mara mbili tatu, kisha washa. Ikiwaka mara moja, basi usiku nguvu ya esanse ilikuwa imeshuka: inarudi tangini kupitia pampu, ao injekteri inavuja. Moshi mweusi na harufu kali ya esanse vinaonyesha zaidi injekteri. Gari ya mazutu nayo inaweza kuvuta hewa katika mipira yake ikilala. Ukipampu kwa mkono kwenye filtri na ikawaka vizuri, umepata njia. Na katika miji yetu ya milimani, ambako asubuhi kuna baridi, bujia moja ya kupasha moto ikifa, moteri ya mazutu itagonga na kutoa moshi mweupe mpaka ipate joto.

Mafuta yenyewe pia yapimwe. Wengi wetu tunanunua kwa kadafi kando ya barabara, na hatujui mtungi ulikuwa na nini jana. Tia kidogo katika chupa nyeupe, uache mpaka asubuhi. Kama kuna maji, utayaona yamekaa chini.

Kuna dalili moja ambayo kubahatisha kunaua gari kabisa. Moteri inatetemeka ikiwaka asubuhi, inatoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu, na maji ya radiatere yanapungua bila kuonekana yanapomwagikia. Hapo huenda joinu ya kichwa cha moteri imepasuka na maji yanaingia ndani usiku. Mwenye gari huyo akiuziwa batri na kuambiwa aendelee na safari, siku moja moteri itachemka njiani. Gharama ya joinu itakuwa imegeuka gharama ya moteri.

Najua jibu la wengi: "Hata pesa ya piesi hatuna, tutatoa wapi ya vipimo?" Lakini ni maskini hasa asiyeweza kununua piesi tatu ili apate moja iliyokuwa mbovu. Dereva wa teksi ambaye kila jioni anapaswa kumpelekea mwenye gari hesabu yake, siku tatu za garaji ni madeni nyumbani.

Basi tubadilishe mapatano. Kabla kapo haijafunguliwa, mteja na fundi wakubaliane bei ya kupima, na ilipwe hata kama chanzo ni waya wa bure. Fundi naye atoe namba aliyoiona, aonyeshe mahali ugonjwa ulipo, na arudishe piesi aliyotoa. Garaji ziandike bei hiyo ukutani, karibu na bei ya kubadilisha oili. Vijana wanaojifunza ufundi wapewe multimeta mkononi kabla ya funguo ya kufungulia batri.

Daktari anayetoa dawa bila kupima damu tunamlalamikia. Fundi tunamdai dawa, halafu tunakataa kulipa kipimo.