Amana Isiyowekwa na Mwenyewe

Katika mtaa niliokulia palikuwa na mwenye duka aliyeandika madeni ya jirani zake katika daftari refu la jalada jeusi, ambalo kila usiku alilifungia katika mtoto wa meza, na ufunguo wake akaufundika katika pindo la kikoi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, hapakuwa na aliyepata kusikia kinywani mwake nani anadaiwa nini. Siku moja mpwa wake, kijana mpenda mzaha, alilitoa daftari lile akalisoma barazani kwa sauti ya karani wa mahakama: fulani sukari ratili mbili na mafuta ya taa, tangu mwezi wa Rajabu, fulani pishi ya mchele, hajalipa kitu. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikumbuka kwamba na yeye ana ukurasa wake. Kabla ya adhana ya magharibi mzee yule alikuwa amekwisha funga duka, anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akisimama kizingitini, kiti hataki na kahawa hataki.

Utotoni niliiona ile kuwa ni adabu tu ya watu wa zamani. Sasa naona kwamba nyuma ya adabu palikuwa na jambo jingine, nalo ni kwamba watu waliovunjiwa sitara ndio wale wale waliokuja kwa mzee alfajiri kununua mkate, na lau wangeamua kuvuka njia wakanunue kwa mwengine, duka lake lisingemaliza mwezi.

Kisa hiki hunijia kila nisomapo habari za Equifax, kampuni ya Marekani ambayo mwaka 2017 iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, na ile namba ya hifadhi ya jamii ambayo Mmarekani hupewa mara moja akaenda nayo hata kaburini. Watu wa kompyuta wamekisimulia kisa hicho mpaka kimechakaa, lakini aghalabu hukisimulia kama habari ya wezi, ilhali mimi naona ni habari ya mwenye duka.

Kwani Equifax nayo ilianza kwa daftari. Mwaka 1899 ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walifungua katika mji wa Atlanta kampuni iliyopita kwa wenye maduka ya vyakula ikiwauliza habari za washitiri wao, kisha ikaandika mbele ya kila jina alama yake: huyu hulipa upesi, huyu huchelewa, huyu atakiwe taslimu. Kitabu kilipokamilika waliwauzia wafanya biashara. Tofauti yao na mzee wa mtaani kwetu ni ndogo kuitazama na kubwa kuifikiri: yeye aliandika deni la mtu aliyesimama mbele yake na ambaye kesho atasimama tena, nao waliandika sifa za watu wasio na muamala nao wowote, wakazifanya bidhaa. Kadiri miaka ilivyokwenda daftari lile lilinenepa, likaingiza hata mambo ya ndani ya nyumba za watu, mpaka Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1970 sheria ya kuwapa raia haki ya kujua yaliyoandikwa juu yao na kuyapinga yakiwa si kweli. Wakati huo kampuni ilikuwa bado inaitwa Retail Credit; jina la Equifax lilikuja baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1970.

Lugha yetu ina neno amana, na kila anayelitumia anajua kwamba amana ina watu wawili: anayeiweka na anayeipokea. Anayeiweka huchagua wa kumpa, na akiona dalili ya hiana huja kuidai. Sasa itazamwe hali ya Mmarekani mbele ya Equifax: hakuiendea, hakuiteua, pengine hata jina lake hakupata kulisikia, na akitaka kutoa chake aondoke, hana mlango wa kutokea. Tuiite nini amana ambayo mwenyewe hakuiweka?

Wezi waliingilia katika kasoro ya programu iitwayo Apache Struts, ambayo makampuni mengi huitumia kujengea tovuti. Tarehe 7 Machi 2017 watunzaji wa programu hiyo walitangaza kasoro yenyewe pamoja na kiraka cha kuizibia, bure bila malipo. Siku ya pili yake serikali ikatoa tahadhari. Siku ya tatu barua pepe ikapita ndani ya Equifax kwa watu zaidi ya 400, ikiagiza kwamba kila penye programu ile pazibwe katika muda wa saa 48. Baada ya hapo, kimya. Mtambo mmoja ulisahauliwa, wenye asili ya miaka ya 1970, na kazi ya mtambo huo, msomaji aizingatie, ilikuwa kupokea malalamiko ya watu walioona kuwa daftari limewaandika vibaya. Katika nyumba yote ile kubwa, dirisha la walalamikaji ndilo lililoachwa bila komeo.

Tarehe 13 Mei wezi wakaanza kazi, wakakaa siku 76. Walikuta majina na maneno ya siri ya watumishi yameandikwa waziwazi, kama bei za nyanya kwenye ubao wa sokoni, na kwa maneno hayo wakafungua hifadhidata 48, wakaziuliza maswali yapata 9,000, wakabeba majibu kidogo kidogo ili wasishukiwe. Chombo cha kukagua yanayotoka nje kilikuwepo. Kimenunuliwa, kimewekwa mahali pake, na ni kipofu, kwa kuwa cheti cha kidijitali kilichokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofumbwa kilikuwa kimepita muda wake zaidi ya mwaka na nusu, wala hakuna aliyekifanya upya. (Nimekaa karibu na mafundi wa mitambo muda wa kutosha kujua kwamba cheti kilichopita muda hakina mwenyewe, kila mmoja huapa kwamba ni kazi ya mwenziwe.) Tarehe 29 Julai kikafanywa upya, chombo kikafumbua macho, na papo hapo kikaona mali inavyotoka.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Mwizi huyu alikaa karibu maradufu, na arobaini zikawa za mwenye nyumba: tangu siku ile ya Julai mpaka tarehe 7 Septemba, kampuni ilipoutangazia umma, ni siku 40 kamili, zilizopita raia wakiendelea na shughuli zao bila ya kujua kwamba siri zao zimekwisha badili mikono.

Na lilipokuja, tangazo lilikuja na vituko vyake. Kampuni ilifungua tovuti mpya ambapo mtu angejua kama ameibiwa, na ili ajue, alitakiwa aandike jina la ukoo na tarakimu sita za mwisho za ile namba ya hifadhi ya jamii, yaani kuwapa walioipoteza sehemu kubwa ya kitu kile kile walichokipoteza. Jina la tovuti hiyo lilikuwa na maneno mawili, equifax na security, na fundi mmoja wa nje, akitaka kuonyesha jinsi jina la namna ile linavyoweza kuigizwa, alifungua tovuti ya bandia iliyoyageuza maneno hayo, la nyuma likawa mbele. Basi watumishi wa Equifax wenyewe, wakiwajibu watu waliotaabika, wakawa wanawaelekeza huko kwa bandia kupitia Twitter, tena si mara moja. Aliyetaka kufunga kumbukumbu zake asifunguliwe mtu mkopo kwa jina lake alipewa namba ya siri, na ikagundulika kwamba namba hiyo ni tarehe na saa aliyoiomba tu. Aliyetaka huduma ya bure ya ulinzi alikuta katika masharti kifungu cha kumzuia asiende mahakamani. Zikapigwa kelele, kikaondolewa.

Lililonikera zaidi ya hayo yote lilitokea mwanzoni mwa Oktoba. Richard Smith, mkuu wa kampuni, alikuwa amekwisha staafu tarehe 26 Septemba, na pensheni yake ya mamilioni ya dola ikimngoja. Tarehe 2 Oktoba ofisa mmoja akafukuzwa kazi kwa kosa la kutoisambaza ile barua pepe ya Machi, naye alikuwa mmoja tu kati ya wale zaidi ya 400 walioipokea. Tarehe 3 Oktoba Smith akaketi mbele ya kamati ya Bunge, akaomba radhi, kisha akaeleza kwamba kiraka hakikutiwa kwa sababu mtu mmoja aliyepasika kupeleka habari hakuipeleka. Simtetei ofisa yule, huenda alikuwa mzembe kweli. Lakini nyumba yenye taarifa za watu milioni 147 ambayo salama yake yote inaning'inia katika uzi wa mtu mmoja kukumbuka kutuma barua, aliyeijenga hivyo ndiye wa kuulizwa kwanza, na aliyeijenga hivyo alikuwa amekwisha vaa koti anatoka. Mzee wetu hakumpeleka mpwa wake milangoni kwa watu. Alikwenda mwenyewe.

Waandishi wengi walistaajabu siku zile kwamba kampuni iliyopata fedheha ya namna hii isife. Hisa zake zilianguka, kweli, kwa kiasi cha theluthi. Haikupita miaka miwili zikarejea zilipokuwa, kisha zikapanda kupita hapo. Mimi sioni la kustaajabisha. Washitiri wa Equifax ni mabenki, makampuni ya bima na wenye kutoa mikopo, nao hawakuibiwa kitu. Daftari lao lilikuwa bado lipo, zima, na asubuhi yake walilinunua kama kawaida. Walioibiwa walikuwa bidhaa iliyo rafuni, na bidhaa haivuki njia kwenda duka la pili. Hata ingevuka, ingekuta huko Experian na TransUnion, ambazo zina madaftari ya watu wale wale kwa masharti yale yale. Februari 2020 serikali ya Marekani iliwashitaki askari wanne wa jeshi la China kwa wizi huo, na China ikakana. Lakini wawe ni askari au ni vijana wa mtaani, dirisha lilikuwa wazi kwa yeyote apitaye.

Msomaji wa Nairobi asidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Kuwekwa CRB, yaani kuandikwa katika daftari la wadaiwa, ni neno linalojulikana hata na mama anayeuza mboga gizani penye taa ya koroboi, aliyekopa shilingi mia chache kwa simu akapitisha siku ya kulipa, na mmoja wa wenye leseni ya daftari hilo Kenya ni TransUnion ile ile. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilikataza kuorodheshwa kwa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000, jambo la insafu. Na sheria za kulinda taarifa za watu tunazo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hata hivyo nenda leo kwenye jengo lolote la ofisi mjini, na mlinzi wa getini atakusogezea kitabu kikubwa kilichokunjamana pembe, uandike jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, chini kidogo ya jina, kitambulisho na simu ya mtu aliyekutangulia. Mimi husoma zile za juu yangu kila mara. Siwezi kujizuia.

Hukumu ya Equifax ilipatikana Julai 2019, kwa mapatano yaliyotajwa kuwa yaweza kufika dola milioni 700. Uingereza, kwa upande wake, ilikwisha itoza pauni 500,000, ambazo ndizo zilikuwa mwisho wa sheria yao ya wakati huo. Magazeti yalitangaza kwamba kila aliyeibiwa anaweza kuomba dola 125. Watu wakamiminika. Hapo ndipo ikafahamika kwamba fungu lililotengwa kwa malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, ambazo ukiwagawia watu milioni 147 sawasawa, kila mmoja hupata senti 21. Na serikali yenyewe ikatoka hadharani kuwashauri watu waache fedha, wachague badala yake huduma ya bure ya kuangaliwa kumbukumbu zao wasije wakaibiwa tena. Huduma hiyo ilipangwa kufika miaka 10. Miaka 4 ya kwanza mwangalizi ni Experian, na miaka 6 inayofuata, kwa atakayependa kuendelea, mwangalizi ni Equifax.